Boksi Jipya Litamsikia Mama

Mtu akitaka kunichelewesha kazi pale soko la Chepilat, aniulize swali moja tu: "Madam, boksi mpya inakuja lini?" Hapo naweka bisibisi chini na kuanza kuhubiri. Mume wangu husema mimi ndiye mwenye duka wa pekee anayewafukuza wateja mbele ya bidhaa zilizo rafuni kwa kusifu bidhaa ambayo bado haijatengenezwa. Ni kweli, na sina mpango wa kubadilika. Kitu kinachokuja hunipa raha kuliko kitu nilicho nacho mkononi.

Nauza vifaa vya tivii. Nina antena, rimoti, kebo za kila urefu, na yale maboksi madogo meusi yanayoenea kiganjani. Ukilichomeka nyuma ya tivii na kulipa intaneti, boksi linakuletea mpira, mahubiri, katuni na habari za dunia nzima, hata kama tivii yenyewe ni ya zamani. Watu wa huku wameyapenda. Ziko nyumba juu huko, katikati ya majani chai, ambazo hazina kochi lakini boksi lipo.

Halafu siku moja mteja akaja na picha kwenye simu yake, picha aliyosema imevuja kiwandani. Ilionyesha kitu cheupe, cha mviringo, kimefura kama mandazi. "Hii ndiyo inakuja," akasema. Hakujua picha imetoka wapi, wala mimi sikujua, lakini tangu siku hiyo duka langu limekuwa bunge. Kila mtu ana lake. Mzee mmoja wa ng'ombe wa maziwa anataka boksi ambalo stima ikipotea na kurudi, litaendelea palepale lilipoachia, bila kumdai neno la siri ambalo mjukuu wake aliliweka kisha akarudi nalo Eldoret. Mchuma chai wa estate, shamba la kampuni, anataka rimoti inayoitika ukiiita, kwa sababu anaishi na watoto wake katika chumba kimoja na bado rimoti hupotea. Mama mmoja wa kanisa anataka boksi lenye haya, litakaloruka lenyewe matangazo ya pombe wageni wakiwepo. Na yupo fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kukata tamaa kabla ya chai ya saa nne, ambaye husema litakuwa lilelile jeusi, limepakwa rangi tu.

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu simu za kupapasa," nilimwambia. "Na saa hii si ndizo zinakulisha?"

"Hizo zilibahatika," akasema.

Sina subira na watu wa namna hiyo. Mimi boksi jipya nalijua kabla halijafika, na ninajua litakuja na nini. Litakuja na masikio.

Labda nieleze. Boksi la sasa lina kipaza sauti kidogo ndani ya rimoti. Unabonyeza kitufe, unakishikilia, unasema unachotaka, nalo linakutafutia. Ukiongea kama mtangazaji wa redio, linakuelewa vizuri. Ukiongea kama mama mkwe wangu, shauri yako.

Mimi ni Mkisii wa kuzaliwa, na niliolewa upande wa pili wa soko hilohilo, kwa Wakipsigis. Chepilat ni mpakani, kwa hivyo arusi yangu haikuwa safari ndefu, ilikuwa ni kuvuka barabara tu na kupanda kilima. Lakini mama mkwe wangu hajui Kikisii zaidi ya salamu, na Kikipsigis changu ni cha kununulia maziwa. Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja, mimi na yeye. Na kila mmoja wetu ana Kiswahili chake. Mimi nikikasirika, "l" na "r" hubadilishana viti, na wateja wangu hucheka kwa siri. Yeye "b" yake hutoka "p", "d" hutoka "t", "g" hutoka "k", na "z" haijawahi kukanyaga nyumbani kwake. Akisema "Papa wa watoto amefika," hakuna anayetafuta samaki wa baharini. Tunajua mume wangu ametoka kazini, kiwanda cha chai.

Macho yake yalianza kumwacha polepole. Mwanzoni alituficha. Alikuwa akienda shambani kila asubuhi na kikapu chake mgongoni, na kwa kuwa vidole vyake viliyajua majani mawili na kichipukizi kuliko macho, hakuna aliyegundua kwamba anachuma kwa kupapasa. Tulijua siku alipompita mume wangu njiani bila kumsalimu. Tukampeleka hospitali ya Kapkatet, wakampima kwa upole na kutuambia waziwazi kwamba kilichopotea hakirudi. Tukamkataza shamba. Akakubali bila ubishi, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono juu ya magoti, na nyumba ikanyamaza.

Ukimya ule sikuuweza. Mimi ni fundi. Nikikuta kitu kimenyamaza, mkono wangu hutafuta bisibisi. Nilimletea tivii kubwa sebuleni na boksi bora kuliko yote niliyokuwa nayo dukani, lile ambalo nilikuwa nimelificha nyuma nisiliuze. Nilitaka jambo moja tu. Huyu ni mtu aliyejichagulia ng'ombe, mbegu, shamba la kununua na la kukataa. Sasa anachaguliwa kila kitu: nguo ya kuvaa, saa ya kula, njia ya kwenda chooni. Nilitaka abaki na kitu kimoja cha kuchagua mwenyewe kwa mdomo wake, bila kumwomba mtoto wala mkwe.

Somo la kwanza lilitushinda kwa sababu ya adabu. Mama hawezi kumwomba mtu kitu bila kumsalimu, na kwao salamu ni lazima ipitie watu, watoto, ng'ombe na mvua. Akabonyeza kitufe nilichomwekea kidole juu yake, akaileta rimoti mdomoni kama anayenong'oneza mtu, akaanza.

"Chamge. Hapari yako. Hii ni Gogo anaongea. Watu wako wako wasima?"

Boksi likamkata kabla hajafika kwa ng'ombe. Kisha likaleta kile lilichodhani ameomba: wanaume wenye misumeno ya petroli wakiangusha miti. Ilinichukua muda kuelewa. Gogo ndivyo watoto wetu wanavyomwita nyanya yao, kama Wakipsigis wote, na kwa kuwa ni neno la kwao, "g" yake hapo haipotei. Boksi, na Kiswahili chake cha kamusi, likadhani mtu anatafuta magogo.

"Ni nini inanguruma?" mama akauliza.

"Ni watu wanapasua mbao, mama."

"Mimi sikuomba mpao."

Tukajaribu tena. Akataka nyimbo za dini. Mdomoni mwake dini ilitoka tini, boksi likadhani ni tini za bati, likatuletea watoto wa chekechea wakigonga mikebe. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni, naye akacheka pia, lakini niliona jinsi alivyoiweka rimoti mezani, kwa upole, mbali kidogo na mkono wake. Hapo nilikasirika kwelikweli. Nililikasirikia boksi na wote waliolitengeneza. Watu wanaoweza kuingiza dunia nzima katika kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni wameshindwaje kukifundisha kwamba si kila mtu amezaliwa na "d" mdomoni?

Basi ndiyo maana nikiulizwa habari za boksi jipya, rangi hainishughulishi, wala ukubwa wala bei. Mimi nilishalichora kichwani. Litangoja salamu iishe. Litajua kwamba poksi ni boksi na tini ni dini. Lisipoelewa, litauliza kwa heshima badala ya kubahatisha. Nilikuwa nikiyasema haya dukani kwa sauti ya mtu aliyeketi mkutanini na wahandisi, na hakuna aliyenipinga isipokuwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara.

Tulipokuwa tukilingoja, hatukumwacha mama hivihivi. Tuliweka utaratibu. Wa mwisho kuondoka asubuhi alimwashia tivii na kuacha sauti juu, ili asikae kama mtu aliyetupwa. Mtoto akirudi kutoka shule aligeuza kwenye kipindi kingine. Mimi nikifika jioni niligeuza tena. Hakuwahi kulalamika, na sisi tulimwona ametulia.

Alasiri moja nilirudi nyumbani kuchukua betri nilizosahau. Kabla sijaingia nilisikia sauti ya mama, yuko peke yake, anaongea na rimoti.

"Sima," alisema. Akangoja. "Sima. Tafatali, sima."

Nikachungulia. Kwenye tivii palikuwa na mwanamke anasonga ugali katika sufuria kubwa, na chini yake boksi lilikuwa limewapanga wengine wengi wanaosonga ugali, weupe na wa mtama. Nilitaka kupiga makofi. Hatimaye ameomba kitu na boksi limemsikia! Ni kweli kwamba nyumbani kwetu hatusemi sima. Sisi tunasema ugali, na yeye kwa lugha yake husema kimnyet. Lakini nilijiambia kwamba neno hilo ameliokota humohumo kwenye tivii, na nikaridhika kabisa na maelezo yangu.

"Mama, kumbe unapenda mapishi!"

Akashtuka. "Lakwet, ni wewe?" Lakwet ni mtoto; ndivyo anavyoniita tangu niolewe.

"Ni mimi. Unapenda hii ya kupika?"

Akaiweka rimoti mezani. "Ni sawa," akasema. "Ni sawa tu."

Kwangu hiyo ilikuwa "ndiyo" kubwa. Nikawatangazia watoto kwamba Gogo anapenda mapishi, asiwekewe kitu kingine. Kuanzia hapo nyumba yetu ilikaanga vitunguu kutoka asubuhi hadi jioni. Walipika pilau, walipika samaki wa ziwani, walipika keki za ghorofa. Mama aliketi karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Nami dukani nikamwambia yule fundi kwamba mama mkwe wangu, katika umri wake huo, sasa anajua chakula cha mataifa yote.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mama wa makamo, Mkipsigis anayeishi upande wa Kabianga. Alikuja kununua kebo, akakuta niko katikati ya mahubiri yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, na hiyo peke yake ilinifanya nimpende.

"Unajua hizi mashini zinajifunza kusikia aje?" akaniuliza.

"Niambie."

"Kwa sauti za watu. Zinasikizishwa watu wengi wakiongea, mpaka zizoee. Sasa kama ndani ya hizo sauti hakuna mtu wa huku hata mmoja, boksi mpya itamsikia mama yako aje?"

Akanieleza kwamba yeye na wenzake wanakusanya sauti za wazee wanaoongea Kiswahili kwa ulimi wa Kikipsigis, wale wanaokubali, ili sauti hizo zifike kwa watu wanaofundisha mashine. Hakuahidi kitu. Hakusema boksi fulani wala mwaka fulani. Lakini mimi nilisikia ahadi, kwa sababu nilikuwa na haja nayo. Nilimfungia ile kebo kama zawadi ya arusi na kumwambia aje Jumamosi.

Jumamosi mama aliomba nguo ya kanisani. Alijifunga kilemba, akanyoosha mgongo kitini, akakohoa kidogo. Mwalimu akaweka kinasa sauti juu ya meza, akamsalimu salamu kamili ya kwao, na ng'ombe pamoja na mvua, kisha akamwomba aongee Kiswahili chochote. Na mama akafungua mdomo, kukatoka Kiswahili ambacho sijawahi kukisikia maishani.

"Ninabenda sana gusikilisa habari," akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. "Gasi yangu ilikuwa gujuma jai."

Mwalimu akanitazama. Nami nikamtazama. Kwa siku zote ambazo boksi lilimkataa, mama alikuwa amejifanyia hesabu yake kimyakimya: ikiwa mashine haipendi "p", "k" na "ch" zangu, basi nitaipa "b", "g" na "j" kila mahali. Alikuwa amejinyoosha hadi akapinda upande wa pili.

"Mama," mwalimu akasema kwa upole, "hiyo ni ya redio. Mimi nataka ile ya kufukuza mbuzi kwa majani chai."

"Hiyo yangu hii kitu haipenti," mama akajibu, na hapo Kiswahili chake kilirudi chenyewe. "Nikiongea inaniletea vitu ingine."

"Ndiyo nimekuja. Hatutaki kurekebisha wewe. Tunataka kurekebisha yeye."

Mama aligeuza uso upande wa sauti ile, akafikiri, kisha akalegeza kilemba. Akaanza kuongea. Aliongea habari za kupanda chai wakati yeye na marehemu mumewe walikuwa vijana, za mvua ya mawe inavyotoboa majani, za ng'ombe mmoja mweusi aliyekuwa akimkanyaga kila mtu isipokuwa yeye. Nimeishi naye miaka mingi na mengi ya hayo nilikuwa siyajui. Niliketi pale mlangoni pa jikoni, taulo mkononi, nikisikiliza kama mgeni.

Mwishowe mwalimu akasema, "Sasa tufunge na hii. Niambie neno lile unaambia hii boksi sana, kushinda yote."

"Sima," mama akasema bila kufikiri.

"Anapenda sana mapishi!" nikadakia. "Asubuhi mpaka jioni!"

Mwalimu alikuwa akimtazama mama, na tabasamu lilianza usoni pake likaishia njiani. "Mama," akauliza, "ni sima ya kula, ama ni ya kuzima?"

"Ya kula ya nini?" mama akasema. "Nani anakula tivii? Sima! Ifunge! Inyamase!"

Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono. Mimi sikuwa na mkono wa kuziba chochote. Mimi ninayejua kwamba papa ni baba na poksi ni boksi, mimi ninayemsikia mama akiulizia wasima na kujibu wazima kila asubuhi, nilikuwa nimesimama mlangoni pangu mwenyewe, nikamsikia akiomba kwa tafadhali kelele zizimwe, na nikamletea ugali wa nchi nzima.

Nilicheka kwanza. Wote watatu tulicheka, mama zaidi ya sisi. Lakini kicheko kilipoisha nilihisi uso wangu unawaka.

"Mama, mbona hukutuambia? Ungesema tu."

"Ningesema aje? Wewe ulileta kwa roho safi. Mtu anakuletea sawati, unamwambia arutishe?"

"Lakini kelele yote hiyo..."

"Mkiwa hapa ni sawa, ni yenu. Mkienda ndiyo naiambia ifunge. Nayo inaleta wapishi."

"Si ni afadhali kuliko kukaa kimya peke yako?"

Mama akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto mahali pa kushika panga. "Kimya ya wapi, lakwet? Hapa hakuna kimya. Mtu akiingia kwa poma, mimi namjua kwa miguu. Mvua ikitoka upande wa Sotik, naisikia kwa majani chai kapla haijafika kwa mapati. Ng'ombe akitaka maji naisikia. Kijana yangu akirudi amechoka, naisikia. Hiyo ndiyo macho yangu sasa. Halafu mnawasha hiyo kitu na mnaenda, na mtu anaingia mpaka hapa ananishika mkono, ndiyo najua kuna mtu." Akapapasa mkono wa kiti. "Macho ilienda na Mungu. Hii ingine mlifunga nyinyi."

Kinasa sauti kilikuwa bado kinaendelea mezani. Mwalimu akanyoosha mkono akakizima, akamuuliza kwa Kikipsigis kama angependa hiyo sehemu ifutwe, na mama akasema iachwe, labda hiyo mashine pia inahitaji kuambiwa.

Siwezi kusema niliumia kidogo. Niliumia sana. Nilikuwa nimebeba kitu kizuri kuliko vyote dukani mwangu na kumfungia mtu dirisha lake la mwisho. Lakini kuumia hakunikalishi, kunanituma kazini. Jioni hiyohiyo nilikata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli na kukigundisha juu ya kitufe cha kuzima, ili kidole kikifike tu kijue kimefika. Mama alikijua kabla gundi haijakauka. Alizima, akawasha, akazima tena, na kila mara alicheka peke yake.

Siku zilizofuata ndizo zilizonifundisha alichokuwa akikitaka. Asubuhi huwasha redio ya Kikipsigis asikie matangazo ya vifo na bei ya majani. Huamuru watoto wamtafutie kwaya siku za Jumapili. Halafu anabonyeza mpira wake, na hapo anaanza kuona. Hutuambia jirani amepita na mkokoteni uliolegea gurudumu. Hutuambia mtoto wa pili ameficha kiatu kilichopasuka, kwa jinsi anavyokanyaga. Aliwahi kumwambia mume wangu amtazame ndama, anapumua vibaya, na mume wangu akamtazama, na kweli ndama alikuwa anaumwa.

Na je, niliacha kuhubiri boksi jipya? Hata kidogo. Nilihubiri zaidi, ila sasa mahubiri yamebadilika. Zamani nilikuwa nikiwaambia wateja litaleta vitu vingi. Sasa nawaambia litajua kunyamaza, na litanyamaza likiambiwa na mtu yeyote, kwa ulimi wowote aliopewa na mama yake. Yule mzee wa ng'ombe wa maziwa anakubaliana nami. Mama wa kanisa pia. Fundi wa ng'ambo ya barabara anasema bado ni lilelile jeusi.

Majuzi alikuja dukani mtu wa mauzo, kijana mwenye shati lenye nembo, anazunguka na gari akionyesha bidhaa za kampuni yake. Nikamuuliza swali langu. Je, hilo linalokuja litawasikia wazee wa huku?

Akacheka kwa adabu. "Madam, hiyo lafudhi haiko kwa mpango. Ni watu wachache sana. Wataendelea tu kujifunza kuongea vizuri."

Sikumbuki kila nilichomjibu. Nakumbuka kwamba "l" na "r" zangu zilihama kabisa, na kwamba wateja hawakucheka. Nilimrudishia karatasi zake zenye picha, nikamwonyesha mlango, nikafunga duka jua likiwa bado juu, nikapanda kilima kwa miguu. Njiani nilijipangia uso. Mama ametoa sauti yake, amengoja, ameniuliza mara kadhaa kama mwalimu amepiga simu. Sikutaka ajue kuna mtu aliyemwita wachache.

Tivii ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe kwa vidole. Hakuinua uso.

"Kuja ukae," akasema, na mimi bado niko kwa geti. "Halafu uniambie ni nani amekukasirisha."

"Hakuna, mama. Niko sawa."

"Lakwet, umepanda hiyo njia kama mtu anaua nyoka. Ni nani?"

Basi nikamwambia. Nilisimama palepale uani nikamwambia yote, hata neno la wachache, hata lile la kujifunza kuongea vizuri. Vidole vyake havikusimama. Alitoa jiwe, akalitupa, akatafuta lingine.

"Yeye anasema haitanisikia," akasema.

"Ndivyo anasema."

"Na wewe unasema aje?"

"Mimi nasema itakusikia. Mwalimu amesema kazi inaendelea, na mimi sinyamazi. Itakusikia, mama, hata kama ni lazima niwafuate mpaka huko wanaitengeneza."

Mama alitabasamu. Hilo la kwenda huko anajua ninaweza kulifanya.

"Pasi itanisikia," akasema. "Lakini wewe usingoje hiyo poksi ifike ntiyo uongee na mimi. Kila siku unaniwashia kitu, unaenta. Mimi niko hapa."

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye, nikatia mkono kwenye maharagwe.